Kikapu Kimoja kwenye Maji ya Moto

Watu wa Arua wana maneno mengi, na mengi hayana kichwa wala miguu, lakini Sidonie, jirani yangu Mkongo aliyeuza sabuni na vitenge, hakuwa mtu wa kubwabwaja. Aliponiambia kwamba nyuma ya Lurujo, kule milima inakopakana na Kongo, kuna maji yanayotoka ardhini yakichemka, na kwamba yalimponya mume wake vidonda, nilimwamini papo hapo. Ukweli nikuambie, siku hizo ningemwamini hata mbuzi. Mdogo wangu Nasur alikuwa anaoza miguu.

Sitii chumvi. Kuanzia magotini kwenda chini ngozi yake ilikuwa ikibambuka na kutoa maji, na harufu yake uliisikia kabla hajaingia mlangoni. Hospitali walimpa dawa ya kupaka, wakampa sindano, wakampa vidonge, kisha wakaanza kujificha wakimwona anakuja. Buti hazikumwingia tena. Alivaa ndara za tairi, yeye sajenti mzima, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Na usingizi ulikuwa umemhama. Alikaa kitandani macho wazi mpaka adhana ya alfajiri, na nikimuuliza kuna nini ananijibu, "Hakuna." Mtoto huyu nilimlea mimi. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado hajaota meno, nikambeba mgongoni nikienda kisimani, nikakosa shule kwa ajili yake, nikachelewa kuolewa kwa ajili yake, na kila aliponikera nilimkumbusha yote mawili. Kazi yake mwaka ule wa sabini na saba ilikuwa ya ofisini, na ofisi gani hatukuuliza. Sukari ilifika nyumbani kwetu wakati majirani wote wakinywa chai bila sukari. Nilichojua mimi ni kwamba sina ndugu mwingine, na huyu niliye naye anakwisha mbele ya macho yangu. Hilo ndilo lililonipeleka mlimani.

Tulikwenda na Landrova ya kazini, akiendesha Kamisi. Huyu Kamisi alikuwa kijana mwenye adabu za kupita kiasi. Alinifungulia mlango, akaniita mama, akanishika kiwiko nipande. Nami sikumpenda hata kidogo, maana Arua nzima ilijua kwamba madereva wa namna hiyo hupewa kazi mbili: kumwendesha bosi, na kusikiliza bosi anasema nini. Nyuma ya kiti chake redio koli ilikoroma njia nzima. Miguuni pangu, chini ya kiti, palikuwa na kiatu cha mwanamke, kimoja, kimekatika kamba. Niliposhtuka na kukiokota, Kamisi alikipokea kwa mikono miwili, akakitupa nje ya dirisha, akaendelea kuongea habari za mvua.

Pale Koboko sokoni watu walipiga kimya gari letu lilipopita, wakaanza kuongea tena baadaye, nikawasikia nyuma yetu. Huko Lurujo ilikuwa mbaya zaidi. Tulisimama kwenye boma moja kuuliza njia. Sufuria ilikuwa motoni, maharagwe yanatokota, mwiko umo ndani, na hapakuwa na mtu. Nasur alisimama katikati ya uwanja, akaita "Hodi" kwa sauti ya upole. Hata mbwa hakutoka. Aligeuka akanitazama kidogo, kisha akarudi garini akichechemea. Nilijisikia vibaya, nikajiambia kwamba watu wa shamba ni waoga tu.

Barabara iliishia chini ya mlima. Tangu hapo ni kwa miguu. Nasur na Kamisi walitangulia, mimi nikabaki nyuma, kwa kuwa Mungu alinipa mwili na hakunipa pumzi ya kuubeba. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nikijipepea na ncha ya gurbaba, shuka niliyojifunga juu ya gauni, mwanamke mmoja akatoka kichakani. Alikuwa wa umri wangu hivi, mwembamba, na rozari shingoni na mzigo mdogo wa muhogo kichwani. Nyonga moja ilimvuta upande kila alipokanyaga.

"Askari wale nakwenda wapi?" aliuliza.

"Nakwenda kwa maji. Yule mrefu iko mdogo yangu. Miguu yake nagonjwa sana."

Alirudi nyuma hatua moja. Nilidhani atarudi kichakani. Badala yake alishusha muhogo wake, akaja akakaa kando yangu, akaniambia anaitwa Elena, anatoka upande wa Ombaci, na kwamba nyonga yake inamwuma tangu mwaka wa sabini na nne. Nikamwambia mimi ni Hajara na kila kitu kinaniuma tangu nizaliwe. Akacheka. Tukapanda pamoja, mimi nikimsukuma kwenye mawe, yeye akinivuta, na tulikuwa kichekesho, wanawake wawili wazima tunahema hivyo.

Tulipofika mahali pa kupumzika aliacha kucheka.

"Dada, mimi iko na maneno. Wewe usikasirike."

"Sema."

"Mtoto yangu iko Santo. Dereva ya lori. Watu ya bana mkubwa ya serikali nabeba yeye hapo sokoni Arua, mwaka ile ile ya nyonga, mchana, na chapati kwa mkono. Tangu siku ile mimi hapana ona yeye. Padre nasema tuombe. Mimi nauliza padre, naomba kama mutu iko mzima ama kama mutu nakufa? Padre hapana jua. Kilio hapana fanya, kaburi hapana iko." Alinishika mkono. "Askari najuana. Mdogo yako pengine najua mutu nayejua. Uliza yeye kwa mimi. Hata kama iko mbaya. Mimi nataka jua tu iko wapi."

Siku hizo mambo yalikuwa hivyo. Ukiwa na ndugu mwenye cheo, watu walikujia jikoni na kuku, na majina ya watoto wao waliopotea. Wengi niliwafukuza kwa sababu niliogopa. Huyu alikuja na muhogo wa kula mwenyewe, na alikuwa amenivuta mlimani kwa mkono wake. Nikamwambia, "Mimi nauliza. Yeye hapana weza nyima mimi kitu." Nilijivuna kidogo nikisema hivyo, nami nilimpenda yule mama.

Maji tuliyanusa kabla ya kuyaona, harufu ya mayai yaliyooza. Kisha mti wa mwisho ukaisha na tukatokea kwenye uwanja wa mawe meupe ambapo hata nyasi zilikuwa zimekufa. Ardhi ilikuwa ya moto chini ya ndara. Mvuke ulitoka kwenye nyufa. Katikati palikuwa na tundu linalotokota kama sufuria ya uji, na chini yake kidogo dimbwi la kuoga, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ndege hawakuwepo. Kamisi alikuwa amekwisha kukaa juu ya jiwe, bunduki mapajani, akitutabasamia.

Mwenye kutunza mahali pale alikuwa mwanamke, Ayikoru, mtu mkavu asiye na salamu. Alikuwa anabangua karanga na hakuacha kwa ajili yetu.

"Hapa hapana kambi," alimwambia Nasur. "Hapa mimi nasema. Kila mutu nalete chakula yake?"

Mimi nilileta viazi vitamu na mayai, Elena muhogo wake. Ayikoru alivitia vyote kwenye kikapu kimoja cha kamba, akakiteremsha tunduni, akatueleza desturi kwa maneno machache kama mtu aliyechoka kuirudia. Wote waliofika siku moja wanapika pamoja. Kikiiva, yule mwenye ugonjwa mkubwa kuliko wote anachukua kipande cha kwanza, anasema mbele ya wenzake, "Nakula na nyinyi, damu hapana iko kati yetu." Wote wanakula. Kisha ndipo wanaingia majini. Asiyeweza kusema anarudi kwao na ugonjwa wake.

"Na anayesema uongo?" Kamisi aliuliza kutoka juu ya jiwe, kwa heshima.

Ayikoru alitema ganda la karanga. "Mimi naosha watu. Mimi hapana hukumu watu."

Nasur alikuwa amekunja suruali. Nilipoiona ile miguu kwenye mwanga mweupe wa pale, moyo ulinipasuka. Nikakaa karibu yake. Chakula kilikuwa bado hakijaiva, na nikaona huu ndio wakati mzuri wa kutimiza ahadi yangu. Elena alikuwa ameinama upande wa pili, anajifanya kupanga majani ya kuwekea chakula, na masikio yote yako kwetu.

"Nasur, mama huyu natafuta mtoto yake. Dereva ya lori, jina yake Santo. Nachukuliwa sokoni Arua, mwaka ya sabini na nne. Uliza kwa watu yako. Kwa mimi."

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Na hapo ndipo nilipojua. Alipokuwa mtoto, akiwa ameiba sukari guru na imo bado chini ya ulimi, nikimwita alikuja na uso huo huo, mtulivu, macho yameniangalia sawasawa. Kwa watu wengine ulikuwa uso wa mtu asiye na neno. Mimi niliufahamu tangu hajavaa suruali.

"Mimi nauliza," alijibu.

Ayikoru akakivuta kikapu. Mvuke ulimpanda usoni, akamwaga vyote juu ya majani. Elena alichukua kiazi kimoja, akakimenya kwa haraka akiunguza vidole, akakipuliza, kisha akamsogezea Nasur pamoja na kipande cha muhogo. Alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama mlango wa posta akingoja barua. Nasur alichukua ule muhogo wake.

"Nakula na nyinyi," alianza, "damu hapana..."

Nilimpiga mkono. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, kama nilivyompiga alipotaka kushika waya wa umeme, na muhogo ukaruka ukaangukia mawe.

"Kama iko wewe, usikule na mama huyu! Nasur! Iko wewe?"

Tundu lilikuwa linatokota tu. Nilimwomba Mungu Nasur anikasirikie, anitukane, aseme dada umerukwa na akili. Alikuwa anauangalia ule muhogo chini.

"Iko mimi," alisema.

Ayikoru aliinuka na kukifunika chakula chote kwa majani. Elena hakupiga yowe. Nilijiandaa kwa yowe na halikuja. Alisema maneno yale yale aliyoniambia njiani, kwa sauti ile ile.

"Iko wapi?"

Kamisi alisimama, akajipangusa vumbi kwenye suruali. "Afande, mimi nakwenda angalia gari," alisema, na hakuna aliyemtuma. Akaanza kuteremka. Hakukimbia. Mimi nilijua anateremkia redio, na kituo cha askari wa mpaka hakikuwa mbali, tulikipita asubuhi. Mambo ya watu waliopotea, mtu akiyasema kwa mdomo wake mbele ya raia, hakuna aliyemwuliza mara ya pili, alipotea naye.

"Simamisha yeye!" nilipiga kelele. "Wewe iko na bastola!"

"Hapana, dada. Mimi nachoka na bastola."

"Kongo iko pale," Ayikoru alisema, akionyesha kwa kidevu jiwe kubwa lililopasuka juu yetu. "Nyuma ya jiwe iko njia moja. Mimi hapana sema kitu ingine."

Nilimkamata Nasur shati, nikamvuta. Nilimwambia kimbia, miguu itapona hukohuko, Mungu yuko Kongo pia. Nilisema yote hayo mbele ya yule mama, bila aibu, nami hata leo sioni aibu. Aliibandua mikono yangu polepole. Alikuwa anamtazama Elena, na Elena alikuwa anamtazama yeye.

"Onyesha mimi," Elena alisema.

"Mama, Arua mimi hapana fika. Wao nakamata mimi kwa njia. Mimi nasema, wewe shika kwa kichwa."

Akachuchumaa mbele yake. Maumivu ya kuikunja ile miguu yalimtoa jasho. Akaanza kumweleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwake.

"Toka Manibe, fuata njia ya ng'ombe. Iko kanisa ndogo ya udongo, pita. Iko kijito. Kijito hapana vuka. Fuata maji, mkono ya kushoto, mpaka vichuguu mbili nashikana. Nyuma ya vichuguu iko mikalitusi. Mti moja nakatwa na naota tena. Yeye iko chini ya mti ile."

"Peke yake?"

"Iko na wengine. Wengi. Lakini yeye iko juu."

Elena alifumba macho. "Nguo yake?"

"Shati ya mistari. Kijani."

"Ndiyo," alisema. "Mimi nashona ile shati." Nikaona midomo yake inatafuta mahali pa kwenda na kilio na haipati. "Yeye nasema nini?"

Nasur alijipangusa jasho. "Naita mama," alisema. "Wote naita mama. Sasa sema njia. Mimi nasikia."

Elena akaanza kusema. Kanisa ya udongo, kijito, vuka kijito. "Hapana vuka," Nasur alimsahihisha. "Ukivuka, hapana ona kitu. Sema tena." Wakarudia na kurudia, mpaka huko chini, mbali, injini ikanguruma. Sikusikia moja, nilisikia mbili. Nilianza kulia kwa hasira. Wakati ule nilimchukia yule mama, nyonga yake na rozari yake na kichwa chake kisichoshika. Nilijikuta ninayasema maneno pamoja naye, kwa haraka, kumsukuma, kanisa, kijito, kushoto, vichuguu, ili yaishe, ili huyu mdogo wangu mpumbavu ainuke na kukimbia.

"Dada nashika," Nasur alisema, na karibu atabasamu. "Mama, wewe sema peke yako."

Milango ya magari ilifungwa kwa kishindo chini ya mlima. Elena akasema tena, peke yake, na safari hii hakukosea. Nasur aliitikia kwa kichwa. Akajishika kwenye jiwe akainuka, na nilidhani atamwomba msamaha, lakini hakuomba. Mimi aliniita tu, "Dada," kisha akapanda kuelekea lile jiwe lililopasuka, akivuta mguu mmoja baada ya mwingine. Alipotea nyuma yake. Kwa mwendo ule hangekuwa amefika mbali hata ningehesabu mpaka mia.

Askari walifika wakihema, na mbele yao Kamisi, ambaye hakuhema. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo mwenye uso wa kawaida, angeweza kuwa muuza duka. Alimwuliza Ayikoru. Ayikoru aliendelea kubangua karanga, akasema yeye hutazama maji, hatazami watu. Aliniuliza mimi. Nikasema sajenti amerudi garini kwa njia nyingine, na hata masikioni mwangu ilikuwa uongo wa mtoto.

Akamgeukia Elena, akainama kidogo kwa heshima.

"Mama, yule mutu napita wapi?"

Nilimtazama. Alikuwa amekaa na mikono mapajani. Nilitaka kumwomba kwa macho, lakini ningemwomba kwa jina la nani? Aliinua mkono wake wa kulia, bila haraka na bila chuki usoni, akaonyesha lile jiwe lililopasuka.

Wakaenda mbio. Mawe yalibiringika chini ya buti zao. Nilisimama nimrukie yule mwanamke, nimkabe, nimwite mchawi, nimwite muuaji wa mtoto wangu. Kila neno nililoliokota lilimstahili mdogo wangu kwanza. Nikabaki nimesimama.

Elena hakunitazama. Alikuwa amefumba macho, kidole kikitembea juu ya goti lake, na anasema polepole, kwa hofu ya kupoteza. "Manibe. Njia ya ng'ombe. Kanisa ya udongo, pita. Kijito, hapana vuka. Fuata maji, mkono ya..." Alisimama. Akaanza tena mwanzo, akafika pale pale, akakwama. "Mkono ya... mkono ya..."

Nyuma ya jiwe risasi ya kwanza ililia, na mlima ukairudisha.

"Kushoto," nikamwambia. "Mkono ya kushoto."